Udhuru, Kimya na Ungamo: Haruni wa Somo la Juma na Mtaa wa Eleanor

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 1 Mei 1989, David Webster, mhadhiri wa anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, aliuawa kwa bunduki ya marisau nje ya nyumba yake, namba 13, Mtaa wa Eleanor, Troyeville, mashariki ya kitovu cha jiji la Johannesburg. Alikuwa ndiyo kwanza arejee nyumbani na mwenzi wake. Gari likapita, risasi ikafyatuliwa kutoka ndani yake, gari likatoweka.

Katika masinagogi ya jiji hilo, kama katika masinagogi kwingineko, zamu ya usomaji wa Torati ilikuwa imefika mahali pa pekee siku hizo. Torati husomwa yote kwa mwaka mmoja, fungu moja kila Sabato, na kila fungu huitwa kwa neno au maneno ya mwanzoni mwake. Jumamosi ya tarehe 29 Aprili lilisomwa fungu la Aharei Mot, yaani “baada ya kufa”, ambalo ni sura ya 16 hadi ya 18 ya Mambo ya Walawi. Jumamosi ya tarehe 6 Mei likasomwa fungu la Kedoshim, yaani “watakatifu”, sura ya 19 na ya 20. Fungu la kwanza hukumbusha vifo vya wana wawili wa Haruni, kisha hueleza ibada ya Siku ya Upatanisho na mbuzi wake wawili. Fungu la pili, miongoni mwa amri zake nyingi, humkataza mtu kusimama akitazama wakati damu ya mwenzake iko hatarini. Webster aliuawa katikati ya masomo hayo mawili.

Sadfa si hoja. Mzunguko wa masomo ulipangwa karne nyingi kabla Johannesburg haijawa mji, na hauchagui wafu wa kuwalilia. Hata hivyo, somo la juma lina kanuni yake ya kifasihi: matini hayabadiliki, zinazobadilika ni siku yanamosomewa. Msomaji hachagui fungu linalomfaa. Fungu humkuta alipo, naye hulazimika kulisikia akiwa na habari za juma lile kichwani. Kwa hiyo ni halali kwa mhakiki kuuliza fungu la Aharei Mot lingemwambia nini mtu aliyelisikia Jumamosi, kisha Jumatatu akapata habari za Troyeville.

Hoja ya makala haya ni kwamba kupotea kwa imani, adhabu na kafara katika Torati si mambo matatu yaliyopangwa kama ngazi ya mafundisho. Ni namna tatu za usemi zinazopitia kinywa cha mtu mmoja, Haruni. Alipopoteza imani alitoa udhuru. Alipoadhibiwa alinyamaza. Alipotakiwa kufanya kafara aliamriwa kuungama. Anayelisoma fungu la mbuzi bila kukumbuka udhuru na kimya vilivyolitangulia atadhani kwamba mbuzi ndiye anayeondoa dhambi, ilhali matini yanasema jambo gumu zaidi.

Mzizi mmoja

Kiswahili kinamwandaa msomaji wake kwa somo hili kuliko anavyojua. Neno “kafara” limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake, k-f-r, ndio uliozaa pia “kufuru” na “kafiri”. Kiini cha mzizi huo katika Kiarabu ni kufunika. Anayekufuru ameifunika kweli, na kinachotolewa kafara kinaifunika dhambi. Kupoteza imani na kuirekebisha hasara yake, kwa mujibu wa lugha, ni matawi ya shina moja. Kiebrania nacho kina mzizi wa aina hiyo katika jina la Yom Kippur, na wataalamu wa lugha za Kisemiti wamebishana kwa muda mrefu iwapo maana yake ya awali ni kufunika au ni kupangusa.

Ubishi huo si wa wanaisimu peke yao. Kufunika na kupangusa ni matendo mawili tofauti. Kilichofunikwa bado kipo chini ya kifuniko, nacho huoza. Kilichopanguswa lazima kwanza kionekane, kwa kuwa hakuna apangusaye doa asilolitazama. Swali la nchi yoyote iliyotoka katika miaka ya mauaji ya siri ni lile lile: inachokiita maridhiano ni kitambaa cha kufunikia au cha kupangusia?

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union hawakuchagua “kafara” kuwa neno lao kuu katika sura ya 16 ya Walawi. Walichagua “upatanisho”. Uteuzi huo una faida na hasara. Faida yake ni kuonyesha kwamba lengo la ibada ni kurejesha uhusiano uliovunjika. Hasara yake ni kuficha kazi inayotangulia, ile ya mikono, damu, maji na maneno. Neno “upatanisho” humleta msomaji kwenye karamu ya mwisho kabla hajaambiwa nani alikosa na alisema nini. Anayezijua ada za pwani, ambako kafara ya mji ilikuwa na ng'ombe wa kuzungushwa mitaani huku dua zikisomwa, kama ilivyokuwa Lamu, huenda akaikaribia zaidi sura hiyo kuliko msomaji wa upatanisho mtupu, kwa kuwa anafahamu kwamba jambo hili huhitaji mwili utembee na kinywa kiseme.

Udhuru

Haruni anaingia katika habari hii kwa kosa. Katika sura ya 32 ya Kutoka, Musa amechelewa mlimani, watu wameingiwa na hofu, wanamtaka Haruni awafanyie mungu wa kuwatangulia. Haruni anadai pete zao za dhahabu, anaiyeyusha dhahabu, na msimulizi anasema waziwazi kwamba aliitengeneza kwa chombo cha kuchongea. Kupotea kwa imani hapa hakuanzi kwa fikra wala kwa mjadala wa kitheolojia. Kunaanza kwa kuchoka kungoja. Watu hawamkani Mungu, wanashindwa kuvumilia kutokuwapo kwa mtu wao.

Uzito wa kifasihi uko katika jibu la Haruni Musa anapomhoji. Anasema watu ni waovu, wao ndio waliotaka. Kisha anasimulia kwamba aliitupa dhahabu motoni, na ndama akatoka. Chombo cha kuchongea kimepotea. Mikono imepotea. Msomaji, ambaye mistari ishirini tu nyuma alimwona Haruni akifanya kazi, sasa anaambiwa kwamba moto ndio uliofanya.

Sarufi ya udhuru huu inajulikana sana katika Kiswahili, kwa kuwa lugha yenyewe ina mnyambuliko wa vitenzi unaoweza kumfuta mtenda. Mtoto aliyeangusha glasi husema imevunjika. Fedha za chama hupotea. Mtu hutoweka. Kauli ya kutendeka haina kosa ndani yake, na mara nyingi hueleza hali kwa usahihi. Lakini inapotumiwa na mwenye chombo mkononi, ni ndama anayejitokea mwenyewe motoni. Waandishi na wasomaji wa Tanzania waliishi na fungu la maneno “watu wasiojulikana” katika miaka ya karibuni, hata likawa kama jina la kikundi. Afrika Kusini ya mwaka 1989 nayo ilikuwa na wauaji wake wasiojulikana. Webster, aliyefanya kazi na kamati ya kuwatetea wazazi wa watu waliowekwa kizuizini bila kushtakiwa, alikuwa miongoni mwa waliokusanya na kuandika habari za wapinzani waliouawa na watu ambao eti hakuna aliyewajua. Kisha naye akaingia katika orodha hiyo.

Msomaji Mwislamu atapinga picha hii ya Haruni, na pingamizi lake lina uzito wa kifasihi, mbali na ule wa kiitikadi. Katika Kurani, Sura ya Taha, Harun ni nabii asiye na hatia. Mtengenezaji wa ndama ni Samiri, na Harun aliwaonya watu wakamdharau, akahofia kulaumiwa kwamba ameifarakanisha kaumu. Simulizi hiyo imelitenga kosa na kiongozi wa ibada, ikalipa jina na mtu wake. Adhabu ya Samiri inafanana kwa namna ya kushangaza na njia ya mbuzi wa Walawi: anafukuzwa, na maisha yake yote atakuwa akisema asiguswe. Torati imekataa kurahisisha hivyo. Yule aliyemtengeneza ndama ndiye atakayevikwa mavazi ya kuhani, na ndiye atakayeuongoza umma katika kafara. Simulizi moja inamlinda mwongozaji ili watu wapate wa kumwamini. Nyingine inamwacha na doa lake ili ibada ya kuondoa doa iwe na maana.

Kimya

Adhabu ya Haruni haimjii jangwani siku ya ndama. Inachelewa. Musa anamwombea, kama kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinavyoeleza baadaye, naye anasalimika. Katika sura ya 9 ya Walawi anaanza kazi ya ukuhani, na mnyama wa kwanza anayeamriwa kumtoa kwa ajili ya dhambi yake mwenyewe ni ndama. Rashi, mfasiri mkuu wa karne ya 11 wa Troyes nchini Ufaransa, hakuiacha alama hiyo ipite: ndama huyu, anasema, anatangaza kwamba Mungu anamsamehe Haruni kwa ajili ya yule ndama mwingine. Moto unashuka kutoka juu, watu wanashangilia, na msomaji anadhani habari imekwisha.

Haikuisha. Katika sura inayofuata, Nadabu na Abihu, wana wa Haruni, wanaleta moto wa kigeni mbele za Mungu katika vyetezo vyao, na moto unatoka na kuwala. Musa anatoa maelezo ya kidini papo hapo, kwa sentensi fupi juu ya utakatifu. Haruni ananyamaza.

Kimya hicho kimepewa fasiri nyingi. Rashi anakisoma kuwa ni kukubali hukumu, na kwamba Haruni alipata thawabu kwa ajili yake. Msomaji aliyelelewa katika fasihi ya Kiswahili, ambamo Utenzi wa Ayubu umekuwa shule ya subira kwa vizazi, ataelekea kukiona hivyo pia: mja amepigwa, ametulia, amepita mtihani. Lakini matini hayasemi kwamba Haruni alikubali, wala hayasemi kwamba alisubiri. Yanasema alinyamaza, basi. Mtu huyu alikuwa na maneno mengi siku ya ndama. Sasa, mbele ya moto mwingine na miili miwili, hana udhuru wa kutoa wala wa kumlaumu. Kimya chake kinaweza kuwa imani. Kinaweza pia kuwa mahali ambapo imani imekatika bila kelele. Heshima ya msimulizi iko katika kutomsukuma Haruni upande wowote.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika muundo wa kitabu hiki mshindo huo unachelewa kwa sura tano. Baada ya kifo cha vijana, Walawi wanaingia katika sheria za wanyama, uzazi, ukoma, ukungu wa nyumbani na majimaji ya mwili. Wasomaji wengi huzipita kurasa hizo haraka. Lakini sura ya 16 inapofunguka, inataja tena vifo vya wana wawili, kana kwamba hakuna kilichopita katikati. Kitabu kilikuwa kimemwacha Haruni katika kimya chake kikizungumzia usafi wa kila kitu kingine. Sasa kinarudi kwake.

Kinachofuata ni kikali. Baba aliyefiwa anaelekezwa jinsi ya kuingia, akiwa na chetezo na makaa, mahali patakatifu kama pale ambapo wanawe walikufa kwa vyetezo na moto. Haambiwi pole. Anaambiwa utaratibu. Rashi anamnukuu mwalimu wa kale aliyetoa mfano wa tabibu: tabibu wa kwanza humwambia mgonjwa asilale penye unyevu, wa pili humwambia asilale penye unyevu asije akafa kama fulani. Tabibu wa pili ana ushawishi zaidi. Mfano huo ni mzuri kwa sheria, ila unapita kando ya jambo ambalo simulizi imeliweka wazi: kwa mgonjwa huyu, “fulani” ni mwanawe.

Ungamo

Haruni haingii na mavazi yake ya dhahabu. Anavaa kitani cheupe. Talmudi inaeleza sababu kwa lugha ya mahakama: mshtaki hawezi kugeuka kuwa mtetezi, na dhahabu ndiyo iliyotengenezewa ndama. Wasomaji wa kale basi waliona kile ambacho muundo unaonyesha, kwamba Siku ya Upatanisho imesimama juu ya kumbukumbu ya ndama hata pale ambapo ndama hatajwi.

Kwanza Haruni anatoa fahali kwa ajili yake na nyumba yake. Nyumba yake ni ile iliyopungua watu wawili. Kisha mbuzi wawili wanasimamishwa na kura inapigwa: mmoja wa Bwana, mwingine wa Azazeli. Wa kwanza anachinjwa. Wa pili anabaki hai. Juu ya kichwa cha huyu wa pili, Haruni anaweka mikono yake yote miwili na kuungama maovu yote ya wana wa Israeli, makosa yao yote, dhambi zao zote. Baada ya hapo ndipo mbuzi anapopelekwa jangwani na mtu aliyetayarishwa.

Mikono miwili iliyosahauliwa katika udhuru wa ndama imerudi. Kinywa kilichosema moto umefanya, kisha kikafumbwa, kinafunguliwa kwa amri ya kutaja. Huo ndio mwendo wa fungu hili, nao hauonekani kwa anayesoma sura ya 16 kama sheria peke yake. Anayeungama hapa si mtakatifu aliyepewa kazi ya kuwasemea wakosefu. Ni mtu aliyewahi kujificha nyuma ya kitenzi, akapigwa, akakaa kimya, na sasa hana ruhusa ya kufanya lolote kati ya hayo mawili.

Hapa matumizi ya leo ya Kiswahili yamepoteza kitu. Magazeti huandika “mbuzi wa kafara”, na wengine husema “bangusilo”, kwa maana ya mtu asiye na kosa anayebebeshwa makosa ya wakubwa. Mwanafikra wa Kifaransa René Girard alijenga nadharia nzima juu ya maana hiyo: jamii hujipatanisha kwa kumfukuza mmoja huku ikiamini kwamba yeye ndiye mwenye hatia. Nadharia hiyo inaeleza mengi kuhusu historia ya mateso, lakini inaiacha sentensi kuu ya Walawi. Hakuna anayemshtaki mbuzi wa Azazeli. Dhambi zinatajwa kuwa za watu, kwa sauti, mbele ya watu, kabla mbuzi hajapiga hatua. Anachokibeba ni kile tu kilichosemwa. Bangusilo hufukuzwa ili pasisemwe kitu, na mbuzi wa Walawi haondoki mpaka pamesemwa.

Mishna, katika trakta ya Yoma, inaongeza mpaka mwingine. Siku ya Upatanisho husamehesha makosa baina ya mtu na Mungu. Makosa baina ya mtu na mwenzake haiyasamehishi mpaka mkosaji amridhishe aliyemkosea. Ibada nzima, pamoja na kitani, kura, damu na jangwa, inasimama mlangoni mwa nyumba ya mtu mwingine na haiwezi kuingia kwa niaba ya mkosaji.

Ukuta wa Mtaa wa Eleanor

Troyeville ni mtaa uliozoea kuishi na wageni na imani zao. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mohandas Gandhi aliishi huko, akakaa nyumba moja na Henry Polak, Myahudi kutoka Uingereza. Katika mtaa jirani wa Doornfontein bado limesimama sinagogi la mwaka 1906 linalojulikana kwa sanamu za simba mlangoni pake. Wayahudi wengi walihamia kaskazini ya jiji, Wareno wakaja, wengi wao kutoka Msumbiji baada ya uhuru wa mwaka 1975, kisha wakaja Waafrika kutoka kila upande wa bara. Kifo cha Webster kilitokea katika mtaa wa aina hii, si katika uwanja wa vita.

Baada ya kifo hicho, hatua tatu za Haruni zinaweza kufuatwa kwa nchi nzima. Udhuru ulikuja kwanza: hakuna aliyejua. Tume iliyoongozwa na Jaji Louis Harms mwaka 1990 ilichunguza kikosi cha siri cha jeshi kilichojiita kwa jina la ofisi, Civil Cooperation Bureau, na faili nyingi za kikosi hicho hazikupatikana. Uchunguzi wa mahakama kuhusu kifo cha Webster, mwanzoni mwa miaka ya 1990, haukuweza kuthibitisha nani aliyemuua. Kimya nacho kilitengenezwa kwa bidii. Ripoti ya Tume ya Ukweli na Maridhiano inaeleza kwamba mwaka 1993 idara ya ujasusi iliteketeza takriban tani 44 za kumbukumbu zake katika muda wa miezi michache. Kimya cha Haruni kilikuwa cha mtu aliyepoteza wanawe. Hiki kilikuwa cha watu waliotia karatasi motoni, na hakistahili kuitwa kwa jina moja na kile.

Kisha likaja ungamo, kwa sheria ya mwaka 1995 iliyounda Tume iliyoongozwa na Askofu Mkuu Desmond Tutu. Sheria hiyo ilitaka muombaji wa msamaha wa kisheria aeleze ukweli wote wa tendo lililokuwa na lengo la kisiasa. Haikumtaka ajute. Jambo hili lililaumiwa sana, na lawama hiyo ina msingi: Walawi 16 hudai maneno ya kuungama na pia hudai watu wazitese nafsi zao siku hiyo. Lakini sheria ile ilikuwa imeelewa nusu ya kwanza ya fungu. Serikali haiwezi kupima majuto. Inaweza kudai kauli yenye mtenda, chombo, mahali na siku. Watu zaidi ya 7,000 waliomba, na waliokubaliwa walikuwa wachache.

Mwezi Novemba 1997, katika kikao cha Tume hiyo mjini East London kilichowaita viongozi wa dini, Rabi Mkuu Cyril Harris alikiri kushindwa kwa jumla kwa jamii ya Kiyahudi kuupinga ubaguzi wa rangi, na kwamba jamii hiyo ilinufaika nao. Hakutafuta hifadhi katika majina ya Wayahudi waliopigana, ingawa walikuwapo na wanajulikana. Kauli yake ilifuata umbo la ungamo la Siku ya Upatanisho, ambalo husaliwa kwa nafsi ya wingi: tumekosa. Fungu la Kedoshim, lililosomwa siku tano baada ya Webster kuuawa, halimhukumu mwuaji peke yake. Linamhukumu pia aliyesimama.

Kuhusu mwuaji, adhabu ilifika mwaka 1998. Ferdi Barnard, aliyekuwa mtu wa kikosi kile, alitiwa hatiani na mahakama ya Pretoria, akahukumiwa vifungo viwili vya maisha pamoja na miaka 63. Miongoni mwa ushahidi yalikuwamo maneno aliyokuwa amewaambia watu wengine faraghani juu ya tendo hilo. Mhakiki wa fungu la Haruni hawezi kulipita hilo. Kusema si kuungama. Majigambo ya faraghani yana mtenda, chombo na mahali, lakini hayasemwi mbele ya waliokosewa, wala hayamwondolei msemaji chochote. Mwaka 2019 Barnard aliachiwa kwa masharti. Hakuna aliyehukumiwa kwa kutoa amri.

Hapa ndipo fungu la Aharei Mot linapokuwa kali kwa Afrika Kusini. Barnard hakuwa bangusilo, kwa maana hatia yake ilithibitishwa. Lakini mtu mwenye hatia naye anaweza kutumiwa kama mbuzi. Anapopelekwa gerezani peke yake, bila mikono ya waliomtuma kuwekwa kichwani pake na bila vinywa vyao kutaja walichokifanya, anakwenda jangwani akiwa amebeba dhambi yake tu. Nyingine zimebaki kambini. Zimefunikwa, hazikupanguswa.

Sharti la Mishna linabaki bila jibu: mkosaji amridhishe aliyemkosea. Webster alikuwa na umri wa miaka 44, na mfu haridhiki wala hakatai. Musa bin Maimun, aliyeandika sheria za toba katika karne ya 12, alilifikiria jambo hili bila kulilainisha. Aliyemkosea mtu na mtu huyo akafa kabla ya kuombwa radhi, anapaswa kuwachukua watu kumi, awasimamishe kaburini, na mbele yao aseme kwamba amemkosea Mungu na amemkosea fulani, akimtaja jina, akilitaja na kosa. Sheria hiyo haiahidi kwamba mfu atasamehe. Inachodai ni mashahidi, mahali na kauli isiyomficha mtenda.

Nje ya nyumba ya Mtaa wa Eleanor kuna mozaiki ya ukumbusho, vipande vidogo vya rangi vilivyopangwa ukutani, pamoja na jina la Webster na tarehe zake. Wapita njia hulisoma jina hilo, hata wale wasiojua alikuwa nani. Mfu ametajwa. Wanaopaswa kusimama mbele ya ukuta ule pamoja na watu kumi, wakaseme walichoamuru, hawajaja.